Paa, gata na tangi: Matengenezo ya nyumbani kabla ya mvua za vuli

KATIKA vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, paa la nyumba lina kazi mbili. Kwanza, huwasitiri wenyeji pamoja na chakula chao. Pili, huwa ndicho kisima chao, kwa kuwa maji yanayoteremka juu ya mabati hukingwa na kuwekwa tangini yaje kutumiwa mito ikikauka. Visima vingi vinavyochimbwa katika maeneo makavu ya Makueni na Kitui hutoa maji ya chumvi, hivyo maji ya paa hayana mbadala wa karibu.

Kwa sababu hiyo, paa likiharibika familia hupata hasara maradufu. Maji yaliyostahili kuingia tangini humwagika uani, nayo yasiyostahili kuingia nyumbani huyalowesha mahindi.

Hasara hii ya pili si ya kupuuzwa. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Wengi wao walitoka Makueni na Kitui. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa waliougua aghalabu walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu, tena ndani ya nyumba walimolala.

Sehemu kubwa ya matengenezo yanayohitajika kuzuia hasara hizo haimhitaji fundi. Mwenye nyumba aliye na nyundo, mwiko, brashi ya waya, ngazi imara na siku chache za nafasi anaweza kuyatekeleza mwenyewe. Yafuatayo ni maelezo ya kazi hizo kwa utaratibu wake, kuanzia juu ya paa hadi ghalani.

WAKATI NA HESABU

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Wakulima wa sehemu hizo hutegemea zaidi vuli. Kwa hivyo, miezi ya Agosti na Septemba ndiyo mwafaka kwa matengenezo. Mabati huwa makavu, tangi huwa karibu tupu na simiti hupata muda wa kukomaa.

Kabla ya kugharimika, ni vyema kujua paa linaweza kuleta maji kiasi gani. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja, paa hilo hupokea lita 960. Hata sehemu ya tano ikipotea kwa kuruka na kuvuja, husalia takriban lita 768, yaani mitungi 38 ya lita 20.

Msimu wenye milimita 300 za mvua, paa hilohilo litatoa zaidi ya lita 11,500. Familia inayotumia mitungi minne kwa siku inaweza kuishi kwa maji hayo kwa zaidi ya siku 140, mradi tangi liwe na nafasi ya kuyahifadhi. Anayeteka mtoni kiasi hichohicho hulazimika kubeba mitungi zaidi ya 570, na aghalabu mbebaji huwa mama au mtoto wa shule.

PAA

Ukaguzi wa paa lisilo na dari huanzia ndani. Saa za adhuhuri, milango na madirisha hufungwa, na kila tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Matundu hayo hutiwa alama kwa chaki kwenye mbao zilizo karibu, kisha ndipo mtu hupanda juu.

Paa nyingi huvuja kwenye misumari. Upepo huyatikisa mabati, msumari ukalegea na tundu likapanuka. Kuugongomea msumari uleule katika tundu lilelile hakufai kitu, kwani utalegea tena. Heri kuung'oa na kutia mwingine mnene zaidi wenye wosha ya mpira. Aidha, msumari hupigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati, kamwe si bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko maji yanakopita.

Tundu lililosababishwa na kutu haliwezi kuzibwa kwa msumari. Kipande cha bati jipya hukatwa, kikachomekwa chini ya bati la juu na kulifunika bati bovu kwa kadiri ya sentimita 15 kupita tundu. Maji yakiteremka, yatapita juu ya kiraka wala hayatapenya chini yake. Kofia ya kileleni mwa paa nayo ikaguliwe, kwani ikiinuka kidogo tu upepo huusukuma mvua ndani.

Anayenunua mabati mapya akumbuke kwamba kadiri namba ya geji inavyozidi, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 32 ni rahisi kwa bei lakini hupindika na kuchakaa upesi kuliko la geji 28. Na kwa kuwa maji ya paa hilo yatanywewa, rangi yenye madini ya risasi isitumiwe kabisa.

GATA

Gata ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi, ilhali ndiyo inayoamua kama tangi litajaa. Nyumba nyingi zina gata upande mmoja tu wa paa. Kuongeza upande wa pili huzidisha maji maradufu pasipo kuongeza hata bati moja juu ya nyumba.

Gata inapaswa kuteremka kuelekea tangini kwa sentimita moja katika kila mita. Gata ya mita 8, basi, itakuwa chini kwa sentimita 8 upande wa tangi. Asiye na pimamaji hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji na kuziinua ncha zake mbili ukutani. Usawa wa maji katika ncha zote mbili huwa mmoja. Alama zikishatiwa, uzi huvutwa na vishikizo hupigiliwa kuufuata, visizidi mita moja kutoka kimoja hadi kingine.

Mvua kubwa ina tabia ya kuruka nje ya gata. John Gould na Erik Nissen-Petersen, walioandika kitabu kuhusu uvunaji wa maji ya mvua mwaka wa 1999, walieleza njia rahisi ya kuizuia. Ukanda mrefu wa bati bapa hupigiliwa kwenye ukingo wa paa na kuning'inia mbele ya gata. Maji yanayoruka huugonga ukanda huo na kuangukia mlemle ndani. Nissen-Petersen, raia wa Denmark, alifanya kazi ya maji kwa miaka mingi Kitui na Makueni, ambako mbinu hiyo ilitumiwa kwenye majengo ya shule.

Baada ya miezi ya ukavu, paa huwa limejaa vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Maji ya kwanza yasiingie tangini. Paa la ukubwa uliotajwa huhitaji kumwaga lita 20 hadi 25, yaani mtungi mmoja au zaidi kidogo, ndipo maji yatakate. Njia nyepesi ni kuacha paipu ya kuteremshia maji iwe ya kuchomoka, ikageuzwa upande mvua inapoanza na kurudishwa baadaye. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba wa kuzuia mbu na mijusi. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

TANGI

Tangi la simiti likipata ufa, wengi hupaka simiti juu yake na kudhani wamemaliza. Ufa huo hufunguka tena kabla ya mwezi kwisha. Njia ya sawa ni kuuchimba kwa patasi, kutokea ndani ya tangi, hadi uwe mfano wa mtaro mdogo. Vumbi huondolewa kwa brashi na mahali hapo huloweshwa. Mchanganyiko wa simiti sehemu moja kwa mchanga safi sehemu tatu hushindiliwa humo, na siku hiyohiyo juu yake hupakwa uji mzito wa simiti tupu.

Mchanga wa mto wenye udongo uoshwe kwanza, la sivyo plasta itapasuka. Kiraka kifunikwe kwa magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji kila siku kwa muda usiopungua juma moja. Simiti haikomai kwa kukauka, bali kwa kukaa na unyevu. Ndiyo sababu tangi la simiti haliachwi tupu kabisa wakati wowote. Kiasi kidogo cha maji chini yake hulizuia kupasuka.

Koki inayodondoka nayo ipimwe kwa kukinga glasi chini yake. Ikijaza glasi ya robo lita kwa saa, basi inapoteza lita 6 kwa siku, ambazo ni mitungi tisa kwa mwezi. Mara nyingi kinachohitajika ni wosha mpya ya mpira peke yake.

Anayekusudia kujenga tangi jipya kwa mikono yake ana funzo la kuzingatia. Miaka ya 1970 na 1980, Kenya ilienezwa matangi yaliyofumwa kwa fito mfano wa ghala la nafaka, kisha yakapakwa simiti. Yalikuwa rahisi, na akina mama waliweza kuyafuma wenyewe. Lakini mchwa walizila fito hizo ndani kwa ndani, matangi yakabomoka, na mtindo huo ukaachwa. Kilichochukua nafasi ya fito ni waya wa kuku na nondo. Mti usifichwe ndani ya simiti ya kuhifadhi maji.

GHALA

Mahindi ya vuli huvunwa kuanzia Februari, nayo masika huyakuta tayari yamo nyumbani. Paa lililozibwa Septemba, kwa hivyo, huilinda nafaka hiyo pia.

Magunia yasiwekwe sakafuni wala yasiegemezwe ukutani, kwa kuwa simiti na udongo hupitisha unyevu. Jukwaa la mbao lililoinuliwa kidogo, lenye nafasi kati yake na ukuta, hutengenezwa kwa nusu siku. Nje ya nyumba, mfereji mdogo uchimbwe upande wa juu ili maji ya mlimani yasifike msingini.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutumia chumvi. Chumvi kavu na konzi chache za mahindi hutiwa katika chupa kavu, ikafungwa na kutikiswa vizuri, kisha ikaachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayajakauka na yarudishwe juani. Isipogandamana, unyevu umeshuka chini ya takriban asilimia 15, na yafaa kuyaanika zaidi kidogo kabla ya kuyafunga. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe, wala wasipewe mifugo.

KAZI ZISIZO ZA MTU MMOJA

Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Kuezua bati au kupaka tangi plasta ni kazi za namna hiyo. Ngazi ihitaji mtu wa kuishikilia, na anayetembea juu ya paa akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako kuna mbao chini. Kutu na misumari huleta majeraha ya pepopunda, hivyo viatu vigumu na glavu si anasa.

Mtu asiingie tangini peke yake. Hewa ndani ya tangi lililofunikwa kwa muda mrefu yaweza kuua. Kifuniko kiondolewe mapema, na mwenzake abaki mdomoni akimwangalia hadi atoke.

Zipo pia kazi ambazo mwenye nyumba hapaswi kuzigusa. Nyaya za umeme ni za fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA. Paa la asbestosi lisikatwe wala kutobolewa, kwa kuwa vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Ukuta wenye ufa unaoweza kupitisha kidole, au unaopanuka msimu hadi msimu, ni dalili ya msingi mbovu. Plasta itauficha tu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye nyumba atoke na mwavuli achunguze mambo matatu: kama maji yanaruka nje ya gata, kama yanatuama popote kabla ya kufika kwenye paipu, na kama ukuta wa tangi una sehemu iliyolowa. Kinachoonekana siku hiyo chaweza kurekebishwa kesho yake, kabla ya Novemba, mwezi ambao mvua za vuli huwa nyingi zaidi.