Marekani: Juu ya nini kiwanda cha magari kinakatazwa kuuzisha gari moja kwa moja kwa mnunuzi?

Karibu na mji wa Austin, katika jimbo la Texas, inchi ya Marekani, kuna kiwanda kikubwa cha magari ya umeme cha kampuni Tesla. Kilifunguliwa mwaka 2022. Ofisi kubwa ya kampuni nayo ilikuwa imekwisha kuhamia kule. Lakini mkaaji wa Austin hawezi kuingia katika magazini ya Tesla, apatane bei, asaini karatasi na kutoka na gari. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa pale waliweza kuonyesha gari tu. Kuzungumza bei walikatazwa. Mnunuzi anarudi nyumbani, anafungua intaneti, na mambo ya uuzaji yanapita kama vile kampuni iko katika jimbo lingine.

Sababu yake ni sheria. Texas inakataza mwenye kutengeneza magari kuwa yeye mwenyewe muuzaji wa magari hayo kwa mteja. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya namna hii, lakini hazina nguvu sawasawa, sababu kila jimbo lina bunge lake na linajitungia sheria ya biashara hiyo.

Konsesionere ni nani?

Konsesionere ni mfanyabiashara wa mji mwenye mkataba na kiwanda. Ananunua gari mpya kwa kiwanda, anaziweka katika uwanja wake, kisha anauzisha kwa bei anayopatana na mteja. Mafundi wake wanatengeneza gari likiharibika, na piesi anaziagiza kiwandani. Kiwanja, nyumba na mkopo wa benki, vyote viko juu ya kichwa chake. Kiwanda kikivunja mkataba, yeye ndiye anabaki na deni.

Sheria hizi zilitoka wapi?

Mwaka 1920 na 1921 uchumi wa Marekani ulianguka na wanunuzi wakapungua. Kampuni ya Henry Ford iliendelea kutengeneza magari na kuyatuma kwa makonsesionere, hata kwa wale ambao hawakuyaomba. Walipaswa kuyalipia yakifika. Mwenye kukataa aliogopa kupoteza mkataba. Wengi walikimbilia benki kukopa feza, na hivi shida ya kiwanda ikageuka kuwa shida ya mfanyabiashara mdogo. Malalamiko ya namna hiyo yalirudi katika miaka ya 1930.

Jimbo la Wisconsin lilikuwa kati ya yale ya kwanza kuingilia kati, mwaka 1937. Mwaka 1956 bunge la inchi yote lilipitisha sheria inayomruhusu konsesionere kukishitaki kiwanda ambacho hakimtendei kwa nia njema. Kisha majimbo yakaongeza mengine: kiwanda kisivunje mkataba bila sababu, kisiweke konsesionere mwingine wa marke ileile karibu sana na wa kwanza, tena kisifungue magazini yake mwenyewe.

Hilo la mwisho lilikuwa na maana yake. Kiwanda ndicho kinamuuzishia konsesionere. Kikifungua mlango pembeni yake, kinaweza kuuzisha kwa bei ambayo yeye hawezi kufikia, mpaka afunge kazi.

Tesla ilileta swali jipya

Tesla ilianzishwa mwaka 2003, na toka mwanzo haikuweka konsesionere hata mmoja. Ilifungua magazini zake na kuuzisha kwa intaneti. Swali likawa: sheria iliyotungwa kumlinda konsesionere juu ya kiwanda chake, inafunga pia kiwanda ambacho hakina konsesionere wa kulindwa? Majimbo hayakujibu kwa sauti moja.

- Massachusetts: mwaka 2014 korti ya juu ya jimbo ilisema sheria inamlinda konsesionere juu ya kiwanda cha marke yake mwenyewe. Wauzaji wa marke zingine hawawezi kuitumia juu ya Tesla.
- New Jersey: mwaka 2014 serikali ya jimbo ilikataza. Mwaka 2015 sheria mpya ikaruhusu, lakini magazini zisipite 4.
- Michigan: sheria ya zamani ilikataza kiwanda kuuzisha isipokuwa kupitia makonsesionere «wake». Mwaka 2014 lile neno «wake» liliondolewa, na hata kiwanda kisicho na konsesionere kikafungiwa. Tesla ilishitaki mwaka 2016. Mapatano yalifika mwaka 2020: wakaaji wanaweza kuletewa magari, lakini karatasi za uuzaji zinafanyiwa inje ya jimbo.
- New Mexico: sheria ya jimbo inakataza, lakini inchi za wenyeji wa asili zina mamlaka yake. Mwaka 2021 Tesla ilifungua magazini katika ardhi ya Nambé Pueblo.
- Colorado na Florida: Colorado mwaka 2020 ilifungua njia kwa watengenezaji wa magari ya umeme wasiokuwa na konsesionere. Florida ilifuata mwaka 2023 kwa kampuni ambazo hazijakuwa na konsesionere wa marke yake.

Kila upande unasema nini?

Makonsesionere wanasema mteja anafaidika wakishindana bei kati yao, na kwamba mtu akiwa na shida ya garantii anapata mtu wa mji wake wa kumsimamia mbele ya kiwanda. Wanakumbusha pia kazi wanazotoa na kodi wanazolipa katika miji midogo.

Upande wa pili unasema mnunuzi ni mtu mzima, aachiwe kuchagua namna ya kununua. Mwaka 2015 wataalamu wa tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara waliandikia Michigan kwa maana hiyo. Waliona marufuku hiyo inalinda wauzaji zaidi kuliko wanunuzi.

Pande zote mbili zina kitu cha kupoteza, na kesi hazijaisha. Mwaka 2024 kampuni Scout, ya kundi la Volkswagen, ilitangaza itauzisha moja kwa moja. Volkswagen ina makonsesionere wa miaka mingi, nao wakaenda korti. Hapa swali ni gumu kuliko la Tesla, sababu watu wa kulindwa wako.

Inatuhusu namna gani?

Texas na Michigan ni kati ya majimbo yaliyopokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo. Kule, katika miji mingi, bila gari ni vigumu kufika kazini. Mwenye ndugu anayetaka kununua gari jipya kwa kampuni isiyo na konsesionere amkumbushe aulize mambo matatu mbele ya kulipa: nani atalitengeneza likiharibika na garaji iko mbali namna gani, karatasi zitafanyiwa katika jimbo gani, na bei ya mwisho ni ngapi pamoja na kodi. Kukatazwa kuuzisha ndani ya jimbo hakumkatazi mkaaji kununua inje na kuandikisha gari nyumbani. Lakini safari na karatasi zinazozidi, yeye ndiye anabeba.