Kama katikati hakuna kitu, mwanga unapitaje?

Mwaka 1660 Robert Boyle wa Uingereza alichapisha majaribio yake ya kutoa hewa kwa pampu kwenye chupa kubwa ya kioo. Katika moja alining'iniza saa humo kwa uzi. Hewa ilipopungua, mlio ukafifia hadi ukapotea. Lakini saa yenyewe bado ilionekana! Sauti hubebwa na hewa. Sasa mwanga unabebwa na nini?

Na si mwanga tu. Kanuni ya mvutano ya Newton, ya mwaka 1687, ilikokotoa njia za Mwezi na sayari vizuri ajabu, ila haikusema Jua linaishikaje Dunia iliyo mbali kilomita milioni 150. Wengi hudhani jambo hilo halikumsumbua. Lilimsumbua sana. Mwaka 1693 alimwandikia Richard Bentley kwamba kitu kuvuta kingine kupitia utupu, bila chochote katikati, ni upuuzi ambao mtu mwenye akili hawezi kuukubali.

Basi wanasayansi wakaujaza utupu. Wakasema kuna etha kila mahali, haionekani wala haishikiki, na mwanga ni mawimbi yake. Hebu fikiria: iwe ngumu kiasi cha kubeba mawimbi yaendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, halafu sayari zipite humo bila kukwama. Hata Maxwell, aliyeonyesha kuwa mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, aliiamini.

Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley wakaitafuta. Dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde kuzunguka Jua. Kama inapita kwenye etha, mwanga unaokwenda na kurudi kwa kufuata mwendo huo ungechelewa kidogo kuliko unaoukata. Waliweka vioo juu ya bamba la jiwe linaloelea kwenye zebaki, ili waligeuze bila mtikisiko. Tofauti waliyoitarajia haikutokea.

Mwaka 1905 Einstein akaiacha etha. Badiliko la umeme huzaa la sumaku, nalo huzaa la umeme, na wimbi linasonga lenyewe. Mwaka 1915 akageukia mvutano: Jua halina kamba, linapinda anga na wakati, na Dunia inafuata mpindo huo. Mpindo ukibadilika, habari husafiri kwa kasi ileile ya mwanga.

Uthibitisho mzuri ulikuja tarehe 17 Agosti 2017. Mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Setilaiti ya Fermi ikanasa mionzi yao ya gama sekunde 1.7 baadaye.