Maandamano Yasiyomwona Mwenye Shughuli

Mji wa Ostend, katika pwani ya Ubelgiji, ndio uliomlea mchoraji James Ensor (1860–1949). Jamaa zake waliuza huko makombe ya baharini na barakoa za kanivali, na bidhaa hizo za dukani zikaja kuwa lugha ya sanaa yake.

Mwaka 1888 Ensor alichora kwa rangi za mafuta picha aliyoiita *Kuingia kwa Kristo Brussels Mwaka 1889*. Turubai lake lina kimo cha mita 2.5 na upana wa mita 4.3. Umati unamiminika kumwelekea mtazamaji: bendi ya wanajeshi, waheshimiwa, wenye barakoa, na wenye nyuso zisizotofautiana na barakoa. Juu yao limetandazwa bango jekundu la kisoshalisti. Mtu wa pwani aliyezoea zefe la Maulidi atauliza kwanza: anayesindikizwa yuko wapi? Yuko nyuma kabisa, juu ya punda, mdogo, na ni nadra kumwona anayemtazama.

Maana hii haibebwi na maumbo peke yake. Imo katika mkono wa mchoraji. Mwaka 1887 Georges Seurat alikuwa ameonyesha mjini Brussels picha yake kubwa ya Jumapili katika kisiwa cha La Grande Jatte, iliyojengwa kwa vinukta vilivyopangwa kwa subira ya mshona kofia. Ensor alishika njia nyingine. Rangi yake ni nzito, imepakwa na kukwanguliwa. Nyekundu inagombana na kijani, nyeupe inakwaruza buluu. Sisi watunzi tuliolelewa na vina na mizani twaelekea kuuita ukali huo uzembe. Sivyo. Rangi laini ingeupamba umati huu, na kumdanganya mtazamaji kwamba heshima imetolewa.

Picha hiyo haikuonyeshwa hadharani hadi mwaka 1929. Kwa zaidi ya miaka 40 ilibaki mikononi mwa mchoraji. Mwaka huohuo wa 1929 mfalme alimtunuku Ensor cheo cha ubaroni. Tangu 1987 picha imo katika makumbusho ya Getty, Los Angeles.

Wahakiki wengi wameona kuwa uso wa Kristo huyo wafanana na wa Ensor mwenyewe. Basi naye hatimaye alishangiliwa. Nasi tunaoalikwa kughani siku za sherehe, tupigiwapo makofi, yatupasa kujiuliza: shairi limesikika, au ni bendi tu iliyopita?