Vita Bila Kura ya Kongresi

Katiba ya Marekani inaipa Kongresi mamlaka ya kutangaza vita na inamfanya rais kuwa amiri jeshi mkuu. Mpaka kati ya mamlaka hayo mawili ulivukwa waziwazi Juni 1950, Harry Truman alipopeleka majeshi Korea bila kura ya Kongresi, akijiegemeza kwenye maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Maazimio hayo yalipita kwa kuwa Umoja wa Kisovieti ulikuwa umesusia vikao.

Machungu ya Vietnam yaliifanya Kongresi ipitishe sheria mwaka 1973, licha ya kura ya turufu ya Richard Nixon: rais aitaarifu ndani ya saa 48 baada ya kupeleka majeshi vitani, na asitishe mapigano baada ya siku 60 kama hakuidhinishwa.

Libya ndiyo iliyofichua udhaifu wa sheria hiyo. Machi 17, 2011, Baraza la Usalama liliruhusu hatua za kuwalinda raia kwa kura 10. Nchi tano hazikupiga kura. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon ziliunga mkono, ingawa Umoja wa Afrika ulitaka mazungumzo. Siku mbili baadaye Marekani na washirika wake wakaanza kurusha makombora Libya. Siku 60 zilipokwisha, serikali ya Barack Obama ilidai kwamba mashambulizi ya angani yasiyo na askari wa ardhini hayakuwa "uhasama" unaotajwa na sheria. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu mno: mabomu yalikuwa yakiua watu. Juni 24, Baraza la Wawakilishi lilikataa kuidhinisha operesheni kwa kura 295 dhidi ya 123, lakini siku hiyohiyo likakataa pia kuibana fedha. Operesheni iliendelea hadi Oktoba 31.