Magazeti ya Mkoloni: Fundisho kwa Makada

Utawala wa kigeni huingia kwa bunduki, lakini haudumu kwa bunduki peke yake. Ukishavunja upinzani wa silaha, hutafuta njia ya kuzitawala akili za wanaonyonywa. Katika nchi yetu njia mojawapo ilikuwa gazeti.

Mwaka 1904 Wajerumani walianzisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi, katika shule ya Serikali ya Tanga. Walilengwa hasa walimu, makarani na maakida, yaani kundi dogo lililomtumikia mtawala. Mwaka 1923 Waingereza nao wakaanzisha Mambo Leo. Magazeti hayo hayakuhitaji kusema uongo katika kila ukurasa. Nguvu yake ilikuwa katika kuchagua: lipi litangazwe, nani asifiwe, nani asisikike. Aliyetozwa kodi aliambiwa alipe. Hakupewa nafasi ya kuuliza kodi hiyo inamfaa nani.

Tutazame Singida. Wajerumani walijenga boma Kilimatinde. Reli ya Kati ikapita Manyoni na Itigi hata kufika Tabora mwaka 1912. Kwa mkoloni, hayo ndiyo yaliyokuwa maendeleo. Lakini masimulizi ya Wanyaturu yanamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke aliyeongoza mapambano dhidi ya Wajerumani, nyuki wakiwa silaha yake. Ushujaa huo haukutunzwa na mitambo ya chapa ya mkoloni. Ulitunzwa na vinywa vya wazee.

Hata hivyo, ukoloni ulibeba ukinzani ndani yake. Ulifundisha watu kusoma ili amri zifike. Waliojua kusoma wakajifunza kujibu. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Mwaka 1957 ikaja Sauti ya TANU. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa aliyoyaandika humo juu ya maofisa wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mkoloni alikuwa ametambua kwamba silaha yake imebadili mikono.

Fundisho letu ni hili. Kada anaposoma gazeti lolote aulize: linamsemea nani, na sauti ya nani haimo? Swali hilo tuviulize vyombo vyetu wenyewe pia, kwani chombo kinachomsifu kiongozi na kumsahau mkulima kimerithi kasumba ya Kiongozi, hata kama mwenye nacho ni mzalendo. Na vijana wa Iramba, Manyoni na Singida wayaandike masimulizi ya wazee wao kabla hayajazikwa pamoja nao.