Kutoka Save mpaka Nyamata: namna kanisa lilivyopanga kufanya wanafunzi



Kila Januari makanisa tunamosali yanatoa mpango wa mwaka. Watabatizwa wangapi, vikundi vitafunguliwa vingapi, mikutano mingapi. Mara nyingi ni karatasi moja yenye tarakimu, na Desemba mtu anasimama mbele kuzisoma tena. Sitaki kucheka. Nataka tuangalie tu nchi hii iliyotupokea, maana hapa kazi ya kufanya wanafunzi imepangwa kwa zaidi ya miaka 120, na matunda ya kila mpango yanaonekana.

Februari 1900 Askofu Jean-Joseph Hirth na Mapadri Weupe walifika Nyanza kwa Mwami Musinga (ile Nyanza ya kusini, siyo hii yetu ya Kicukiro). Wakapewa kilima cha Save. Walikuja na makatekista Waganda, na kusema kweli hao Waganda ndio waliokaa na watu. Padri mzungu alikuwa mgeni wa lugha, mwalimu Mganda alikuwa jirani. Tena walikuwa na kanuni waliyoachiwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: mtu asibatizwe haraka. Kwanza miaka miwili ya kujaribiwa, halafu miwili mingine ya mafundisho. Minne! Leo ukimwambia mchungaji wetu asubiri miaka minne atakuuliza kama unaumwa. Lakini Lavigerie alikuwa na sababu. Alitaka kuona maisha ya mtu kabla ya kuandika jina lake.

Pembeni ya mpango huo kulikuwa na mwingine: kuwapata wakubwa kwanza, na raia watafuata. Askofu Léon Classe aliushikilia sana. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga, ambaye hakutaka ubatizo, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Machifu wakaanza kukimbilia mafundisho, na nyuma yao watu maelfu kwa maelfu. Wamisionari wenyewe waliita jambo hilo tufani. Rudahigwa akabatizwa 1943, na 1946 akaiweka nchi yote chini ya Kristo Mfalme. Kwa tarakimu, hakuna mpango uliofaulu kama huo. Ila ubatizo ulikuwa umeshakuwa mlango wa shule na wa kazi, na mtu mwenye njaa ya kazi haulizi sana mlango unaingia wapi.

Sasa twende Gahini, mashariki, kando ya Ziwa Muhazi. Waanglikana walifungua misheni pale 1925. Daktari Joe Church alifika 1928, akakutana na njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Alichoka kabisa. Mwaka 1929 alienda Kampala, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Hapo hapakuwa na bajeti wala karatasi. Alirudi Gahini, na pamoja na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na Yosiya Kinuka wa hospitali, taratibu wakapata njia yao: watu wachache wanakutana, wanasema dhambi zao waziwazi, wanarudisha walichoiba, wanapatana. Mzungu naye anaomba msamaha kwa mfanyakazi wake, jambo ambalo siku za ukoloni lilikuwa kama mwisho wa dunia. Halafu wanatoka kwa timu, Mwafrika na mzungu, kwenda kushuhudia kwingine. Kigozi alifariki Januari 1936, bado kijana, lakini timu ziliendelea: Kabale, Burundi, Kenya, Tanganyika. Nyumbani kwetu wazee wengi wanaojiita waliookoka wametokana na moto huo, hata kama hawajawahi kusikia jina Gahini.

Mtu ninayemfikiria zaidi ni mwingine. Baada ya 1959, Watutsi wengi walifukuzwa makwao wakapelekwa Bugesera, pori la mbung'o, ng'ambo ya Mto Nyabarongo. Ukishuka kutoka Kicukiro, ukapita Gahanga, ukavuka daraja, unaelekea huko. Mchungaji wa Kianglikana, Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho ule wa Gahini, aliishi Nyamata na kuwahudumia hao waliofukuzwa. Yaani watu kama sisi, wasiojua kesho watalala wapi. Januari 1964 askari walimchukua usiku, wakamuua kando ya mto.

Miaka 30 baadaye, palepale Nyamata, maelfu ya Watutsi waliuawa ndani ya kanisa walimokimbilia. Wakati huo karibu watu 9 kati ya 10 Rwanda walijiita Wakristo. Siwezi kusema waliookoka walikuwa tofauti wote. Wengine walificha majirani, wengine waliuawa, wengine walinyamaza, na wengine walishiriki. Hata mpango mzuri haumlindi mtu na moyo wake mwenyewe. Lakini naona hivi: rejista ilijibu swali la nani amebatizwa, na haikuwahi kuuliza nani anamjua nani kiasi cha kumzuia.

Kwetu wakimbizi swali hili si la vitabu. Tangu 2018 sheria inataka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu ya dini, na wachungaji wengi tuliokimbia nao kutoka Kivu au Bujumbura hawana. Wengine wanaona kazi imekwisha. Mimi sioni hivyo. Makatekista wa Save hawakuwa na shahada, na hakuna karatasi inayohitajika ili kumsindikiza mama hospitali au kumtafuta kijana aliyeacha shule.

Kwa hiyo kwa mpango wa mwaka ujao naomba safu moja iongezwe kwenye ile karatasi: nani anatembea na nani, tangu lini. Na mmoja akihamia Mahama, au akipata ndege ya kwenda nchi nyingine, yule anayebaki peke yake aandikwe kwa kalamu nyekundu, atafutiwe mwenzake kabla ya Jumapili.