Minyoo ya Mtandao na Kompyuta Kongwe

Husemwa na watu wakaao mbali na miji kwamba kompyuta kongwe, isiyofikwa na mtandao, haina cha kuogopa. Maneno hayo ni kweli nusu, na yafaa tuipime nusu ya pili.

Mnyoo wa mtandao ni programu ijinakiliyo yenyewe. Hutafuta tundu katika mashine nyingine akaingia pasipo mwenyewe kubonyeza lolote. Windows XP, iliyoingia katika kompyuta nyingi za nyumbani tangu mwaka 2001, ilikuwa na matundu ya namna hiyo, na kizuizi chake cha kuchuja mawasiliano aghalabu kilikaa kimezimwa hadi Agosti 2004. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja; tarehe 11 Agosti mnyoo Blaster akapita papo hapo, kwa kuwa wengi hawakukitia. Ajabu ni kwamba Windows 98, iliyokwisha kudharauliwa, ilisalimika: tundu lile halikuwamo.

Huko Kingerikiti, baina ya vilima vya kahawa vya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, umbali ulikuwa kinga ya kweli mbele ya Blaster. Mkongo wa SEACOM wenyewe ulifika Dar es Salaam Julai 2009 tu. Lakini mnyoo Conficker, aliyetokea Novemba 2008, alipata Desemba ile ile sura ya pili iliyosafiri pia kwa flashi. Mnyoo akaweza sasa kupanda basi mfukoni mwa abiria, ilhali kiraka, kilichotolewa tangu tarehe 23 Oktoba, kilingoja mtandao. Tena Conficker alizuia mashine isipokee viraka vingine. Nami sijitoi lawamani: zamani hizo nalichomeka flashi yangu kila penye kompyuta, mjini na vijijini, nikijiona mtoa msaada.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia XP. Mnyoo WannaCry alipozuka tarehe 12 Mei 2017, ijapokuwa wengi wa walioumizwa walitumia Windows 7, kampuni iliwapa watu wote kiraka cha XP, ambacho hapo kabla kilikuwa cha waliolipia huduma maalumu. Dawa, basi, ilikuwako. Ikawekwa kwenye intaneti, na mwenye mashine isiyo na mtandao akabaki kumngoja msafiri mwenye flashi.